Ndugu Asiyekuwamo Kwenye Diski

Kutoka Manono hadi Kalemie nilitumia siku kumi na moja kwa baiskeli ya baba, na karibu nusu ya safari baiskeli ndiyo iliyonipanda mimi. Madaraja yalikuwa yamevunjwa, basi kwenye kila mto niliibeba begani. Nilipoona kizuizi cha askari mbele, niliingia nayo kwenye majani marefu, nikazunguka mbali, nikisimama kila mnyororo wake ulipolia. Baba alikuwa fundi wa umeme kwenye bwawa la Piana-Mwanga, kabla vita havijanyamazisha mitambo. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na sina la kufanya. Dada yangu alikuwa Kigoma. Nilipanga kupumzika Kalemie wiki mbili, nipate mashua, nivuke ziwa kwenda kwake.

Nilikaa miaka mitatu, na kilichonishika ni mchezo wa video.

Karibu na bandari kulikuwa na Mama mmoja, mjane wa ukoo wa wafanyabiashara wa ziwani, mwenye chumba cha michezo: televisheni moja, mashine moja, mabenchi manne na jenereta yenye kikohozi. Nilimtengenezea waya zake, naye akanipa stoo ya kulala. Kaka yake ndiye aliyeleta diski kutoka Kigoma. Watu wote walitaka mpira. Mimi niliokota diski iliyotupwa pembeni, ambamo mtu mmoja mwenye nguo nyeusi anatakiwa kuingia ndani ya ngome na kutoka bila kuonekana. Hakimbii, hapigani. Anangoja mlinzi ageuke, kisha anapita. Nilicheka peke yangu, maana ndiyo kazi niliyokuwa nimetoka kuifanya njiani.

Kidogo kidogo chumba kizima kikahamia kwangu. Wavuvi, wauza sabuni, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, wote walikuwa wajuzi wa kupita vizuizi, na kila mmoja alikuwa na shauri. Mvuvi mmoja aliwadharau sana walinzi wa mchezo ule. Alisema huyo si askari, mtu anapita mbele yake na haombi hata sigara.

Mama aliweka sheria: ukionekana na mlinzi, unaachia maneti, kile kishikio chenye vifungo, anashika mwingine. Hatukuwa na kadi ya kuhifadhi mchezo, hivyo kila asubuhi tulianza upya. Na ilipoadhiniwa, Mama alisimamisha mchezo akaenda kuswali. Yule mtu alibaki amechutama nyuma ya pipa, na sisi tukabaki tumenyamaza naye. Hakuna aliyethubutu kugusa maneti mpaka Mama arudi.

Tatizo lilikuwa maandishi. Diski ilisema kwa lugha ya mbali, na herufi zake zilifanana na nyayo za kuku kwenye vumbi. Siku ya pili Mama alisema yeye hakusoma, akaniuliza kama mimi nimesoma. Nikajibu ndiyo, nimemaliza sekondari. Akasema basi, tusomee.

Ningeweza kukataa. Badala yake nilikohoa, nikatazama nyayo za kuku, nikasoma. Nilisema mtu wetu anamtafuta ndugu yake mdogo, aliyechukuliwa siku soko lilipovamiwa na sasa amefungwa mahali fulani ndani ya ngome. Mabenchi yakasogezwa mbele. Tangu siku hiyo nilisoma kila mahali palipokuwa na maneno. Sikulipia zamu, na kiti cha mbele kikawa changu. Tulipofika mwisho, mtu wetu akatoka ngomeni peke yake, nikalazimika kusema kwamba ndugu amehamishiwa ngome nyingine. Mama alifuta macho kwa ncha ya mtandio akamwagiza kaka yake alete sehemu ya pili.

Tuliingoja mwaka na zaidi. Mashua zingeweza kuondoka na mimi mara kadhaa, lakini nilijiambia ngoja nione kwanza. Siku ilipofika, chumba kilijaa hadi dirishani. Nikaweka diski. Maandishi yakatokea chini ya picha, kwa Kifaransa, lugha ya shule zetu.

Nilijua kiti changu kimekwisha. Mwalimu alikuwa benchi la pili, amevaa miwani yake, na alianza kusoma kwa sauti kabla sijafungua mdomo. Mtu wetu ametumwa kuiba karatasi za siri. Analipwa vizuri. Akasoma mpaka mlango wa ngome ulipofunguka, akavua miwani, akanigeukia.

"Papa," aliniita kwa heshima, "hapa hakuna ndugu."

Nilitazama maneti mkononi mwangu. Nilikuwa tayari kuikabidhi, maana nilikuwa nimeonekana. Mama akasimama, akasogea karibu na kioo.

"Mwenye alitengeneza hii ya pili hakuangalia ya kwanza," alisema. "Muntu anasahau ndugu yake namna gani?"

Wakakubaliana naye wote, kwa hasira, hata mwalimu. Mama akakata ukanda wa karatasi ngumu kwenye katoni ya sabuni, akaubandika chini ya kioo ukafunika maandishi.

"Sasa soma, mutoto yangu. Ile ya kwetu."

Nikasoma.

Tangu wakati huo nimecheza sehemu zote zilizotoka, Kigoma, Bujumbura, Lusaka, popote miguu iliponipeleka. Malalamiko ninayo. Walinzi wa siku hizi ni vipofu, mishale inakuonyesha pa kupita, na mtu wetu amejifunza kupiga risasi ovyo kama mlevi. Lakini kila inapotoka mpya, nanunua, nafungua kila mlango kumtafuta ndugu, ingawa najua ni nani aliyemtia humo.

Siku niliyoondoka, vita vilikuwa vimepoa. Dada alikuwa ametuma ujumbe kwamba amechoka kumpikia mgeni asiyefika. Mashua niliyopaswa kupanda ndiyo iliyomleta kaka yake Mama, na mkononi alikuwa na sehemu ya tatu. Nahodha alikuwa anaita. Mama akanipa kasha, nikalisoma nyuma, Kifaransa chote, mpaka neno la mwisho.

"Nduguye yumo?" akauliza.

"Yumo, Mama. Amejificha vizuri tu."

Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wateja waliodai hawakuonekana na mlinzi. Nikamuuliza sasa nani atawasomea.

"Miye."

"Mama, si ulisema hukusoma?"

"Sikusoma. Lakini huyo ndugu namujua."

Akachukua kasha lake, akapanda kuelekea chumbani bila kugeuka. Mashua ilikuwa bado haijatoka bandarini nilipoisikia jenereta ikikohoa, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha ikashika.