Mshale Uliokosekana Ubaoni

Mimi hasira zangu ziko karibu, na miaka ile nilipoanza kufundisha nadharia ya ukokotozi katika chuo kimoja pale Moshi ndiyo nilizidi. Wanafunzi walikuwa wachache, kompyuta chache zaidi, kwa hiyo mashine zetu tulizichora ubaoni: viduara na mishale. Mashine inasoma herufi moja moja, inafuata mishale, mwisho inakubali au inakataa. Nilipenda kuwaambia kwamba hapo hakuna kubembelezana.

Kwenye mtihani wa mwisho, binti mmoja wa Rombo na jirani yake wa dawati walichora mashine yenye kosa lilelile: mshale mmoja hakuna, palepale. Wengine wote swali hilo waliliruka. Nikaja juu. Nilimwita binti ofisini, maana jirani yake ndiye aliyekuwa anaongoza darasa. Nani sasa angemwibia mwenzake?

"Mwalimu, mimi nimeandika ulivyotufundisha," alisema, machozi yakimlengalenga.

Jeuri gani hii! Nikapeleka jina lake kwenye kamati. Kuibia mtihani adhabu yake ilikuwa moja tu, kufukuzwa.

Kabla kamati haijakaa, baba yake akaja kutoka Mkuu, kule Rombo, mzee wa koti, viatu vyake vina udongo wa shambani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akatoa mfukoni jani la isale lililopigwa fundo, akaliweka juu ya meza yangu. Kwetu Uchaggani ukiletewa isale unasamehe, hata kama mtu amekuulia ndugu. Nami nimezaliwa migombani, Kibosho. Nilijua vizuri sana.

"Kama amekosa, nimekuja kumwombea. Ndiye wa kwanza kwetu kufika chuo."

"Mzee, hapa ni chuoni. Kuna taratibu."

Hakubishana. Alisubiri kidogo, labda akidhani sijaliona lile jani. Halafu akaliokota, akalirudisha mfukoni, akaniaga kwa heshima zote. Wiki ileile binti akafukuzwa.

Mwaka uliofuata nilikuwa nainakili mashine ileile ya mtihani ubaoni kutoka daftari langu la kufundishia, mwanafunzi wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapo mbona hakuna mshale?"

Nikatazama ubao, nikatazama daftari. Mwandiko ni wangu. Nilimwibia mtoto wa watu chuo chake kwa kosa langu mwenyewe. Nikasema asante, nikauchora mshale, nikaendelea na somo.

Siku hiyohiyo nikaanza kuandika barua kwa kamati. Wangeisoma, wangemrudisha. Nikaandika, nikachana, nikaandika tena. Muda wangu wa majaribio kazini ulikuwa unakaribia kwisha, na kamati hiyohiyo ndiyo ingesema nibaki au niondoke. Nikajiambia ngoja kwanza nithibitishwe.

Nilithibitishwa. Barua mpaka leo sijaipeleka.