Gari Lililozima Kila Alipokaa Mama Mkwe

Gari la shemeji yangu lilizima mara nne wiki ile. Mara zote nne, mama mkwe alikuwa kiti cha mbele.

Akishuka, nikiweka fyuzi mpya, linaunguruma kama halijawahi kuugua.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nina cheti, nina mita, na siamini nuksi. Shemeji, kaka wa mke wangu, anaamini.

"Shem, mama ana nuksi na magari. Hata lile la zamani lilimfia yeye."

Mama alisikia. Alikuwa kwenye benchi la gereji, hatua tatu tu, na barua ya hospitali mkononi. Ijumaa alikuwa afanyiwe upasuaji wa jicho. Nafasi hiyo aliisubiri miezi minne.

"Basi nitabaki na ukungu wangu," akasema. "Sitaki kumharibia mtu gari."

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Kompyuta ilionyesha hitilafu kwenye saketi ya sensa ya oksijeni, kile kifaa kinachonusa moshi kwenye bomba la ekzosi. Nikabadilisha sensa. Mama alipopanda, fyuzi ikaungua. Nikaweka sensa nyingine, nikidhani ile ni feki. Akapanda, fyuzi ikaungua tena. Na fyuzi hiyo hiyo ndiyo inayolisha nozeli za mafuta, kwa hiyo ikikatika, injini inakata kauli.

Nikaendesha peke yangu kwenye mashimo, matuta, mlima. Hola, halikuzima.

"Mwanangu, si nilikwambia? Ni nikikaa mimi tu."

"Mama, gari halijui nani amekaa." Nilijibu kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Alhamisi nilichomoa fyuzi na sensa, nikaweka mita kati ya waya na bodi ya gari, ilie vikigusana. Kimya. Nikatikisa nyaya. Kimya. Nikalala chini ya gari saa mbili nzima. Kimya.

Nikarusha bisibisi ukutani. Mtu mzima, mwenye cheti.

Ndipo nikagundua jambo la aibu: muda wote huo sikuwahi kupima mtu akiwa kwenye kile kiti.

"Mama, naomba ukae kidogo."

"Ili mseme tena ni mimi?"

"Kaa, mama. Tafadhali."

Akakaa. Mita ikalia.

"Inuka." Ikanyamaza. "Kaa." Ikalia.

Shemeji akashika kichwa. "Unaona! Nuksi!"

Nikafungua kiti, nikainua kapeti. Waya wa ile sensa ulikuwa umebanwa na mguu wa kiti, ganda limechubuka taratibu. Mtu akikaa, shaba inagusa bodi. Shemeji huendesha peke yake; abiria wake ni mama tu.

Waya ulikuwa na utepe mweusi, ncha yake imekunjwa ili iwe rahisi kubandua.

Nikakaa chini.

Mtaani kwetu, anayekunja ncha hivyo ni mmoja. Kapeti lile nililiweka mimi mwaka jana, nikaufunga waya kwa utepe, nikarudisha kiti harakaharaka, nikakaza boliti bila kutazama chini.

Ningeweza kuubandua utepe nikanyamaza.

"Mama, kosa ni langu," nikasema, nikampa utepe.

Akauleta karibu na jicho lake zima, akaugeuza.

"Kumbe nuksi yangu ina cheti."

Nikaufunga waya upya, mbali na kiti. Ijumaa alienda hospitali, kiti cha mbele. Gari halikukohoa.

Ewe fundi unayesoma hapa: mteja akikwambia tatizo hutokea yeye akiwepo, hicho tayari ni kipimo. Mimi nilikipuuza, nikapoteza sensa mbili na siku mbili za mama mtu.