Mke wa Mwanangu Amekataa Kuonja

Admin, ficha jina langu. Nina miaka sabini na minane, mzaliwa wa Magwagwa, ingawa nimeishi mbali na kwetu zaidi ya nusu karne. Miaka sita sasa nakaa kwa mwanangu na mke wake. Ndoa yao iko karibu kuvunjika, na chanzo ni mimi.

Niliolewa mwaka wa 1966, Nyansiongo, kwenye shamba lililokuwa la mlowezi. Kwetu mwenyeji huonja uji au pombe mbele ya mgeni ili kumtoa wasiwasi. Ni adabu tu. Mume wangu aliigeuza kuwa kesi. Ng'ombe wake wawili walipokufa, alisema nina sumu. Tangu hapo kila sahani nilitangulia mimi, naye akinitazama koo.

"Huko si kuonja. Meza kama mtu asiye na siri."

Nikisita kwa sababu ugali una moto, alinipiga. Ndugu yake alitutania: "Shemeji, wewe hushiba kabla ya mwenye boma." Nilicheka pamoja nao. Mwaka wa 1974 nilitoroka, mtoto mgongoni.

Tangu hapo sijala hotelini. Harusini husema nimefunga. Nimesoma vitabu vingi juu ya majeraha ya akili, ninaijua hali yangu kwa jina, lakini mezani elimu hiyo haijanisaidia.

Mke wa mwanangu hunipikia vizuri. Kila siku mimi humwambia, "Onja kwanza, mama," naye huonja. Jumapili wazazi wake walitutembelea. Mezani nikamwambia vilevile mbele yao. Akaweka kijiko chini.

"Mama, nimekukosea nini? Miaka sita naonja. Leo sionji."

Badala ya kuona haya, nilimwuliza, "Kwa nini leo?"

Mama yake alisimama, akachukua mkoba, akamwambia, "Twende, mwanangu." Wakaondoka naye. Mwanangu hajanisemesha tangu siku hiyo.

Kesho kutwa mkewe anakuja kuchukua nguo zake. Hakuna aliyewahi kusikia habari za Nyansiongo, hata mwanangu. Anajua tu kwamba baba yake alikuwa mkali. Nataka kumweleza mkewe yote kabla hajafunga sanduku. Lakini siwafichi: bado najiuliza kwa nini alichagua siku ile, na chakula alichokiacha nilikimwaga. Je, nimwombe msamaha nikiwa bado namshuku, au nimwache aende kwa amani? Wanangu, ninyi mngenishauri nini?