Mkalimani wa Mukamba aliyekataa kupunguza maneno

Saa tatu asubuhi, uwanja wa shule ya Mukamba, katika teritwari, yaani wilaya, ya Kabambare, umejaa. Régina Kitoga amesimama kando ya mbunge wa jimbo, Mheshimiwa Victorine Omari, mikono ameifumbata juu ya kitenge.

Mbunge anazungumza Kiswahili cha Kasongo, alikokulia. Akinyamaza, Régina anayapokea maneno na kuyasema kwa Kibangubangu, lugha ya wenyeji. Watu wanacheka pale pale mbunge alipotaka wacheke.

"Kiswahili cha sokoni kila mutu iko nacho," anasema Régina. "Lakini jambo likimuuma, mutu anarudia luga ya mama yake."

Régina, mjane mwenye miaka arobaini na mmoja, ni mshonaji wa sare za shule. Ukalimani anaufanya bila malipo, kila mbunge anaporudi kuwaeleza wananchi serikali ya jimbo imefanya nini na imeacha nini.

Mwaka jana, wakati wa mvua, mbunge alikuja na injinia mmoja wa serikali, Magloire. Kule Kindu, makao makuu ya jimbo, wabunge walikuwa wameambiwa kwamba daraja la mto Kalembe limekamilika. Mheshimiwa Victorine akamwomba injinia aje ayaseme hayo mbele ya wanaovuka mto huo.

"Daraja imekwisha," injinia alisema. Régina akatafsiri.

Kisha akasimama Mama Nuru, mkulima wa mihogo. Alisema kwa Kibangubangu kwamba binti yake alishikwa na uchungu usiku, akajifungulia kwenye matope ukingoni, zahanati ikiwa ng'ambo. Mtoto hakulia.

Kabla Régina hajafungua mdomo, chifu wa eneo hilo alimwinamia sikioni. "Mama Régina, punguza kidogo. Hawa ni wageni."

Cherehani ya Régina ilikuwa ikikaa kwenye baraza ya chifu huyo, na hapo ndipo alipopata riziki yake. Yule binti wa Mama Nuru naye, Régina alimfahamu. Gauni lake la mimba alilishona yeye.

"Nikamuangalia Mama Nuru," anakumbuka. "Alikuwa angali amesimama, ananingojea."

Akayasema yote, na la mtoto pia.

Mbunge hakutoa hotuba. Aliinuka akamwambia injinia, "Twende tukaione." Uwanja mzima ukawafuata.

Pale Kalembe palikuwa na magogo mawili yaliyolala juu ya maji, na nguzo moja ya saruji iliyoota majani. Injinia akasema kwa sauti ya chini kwamba kazi ilisimama, vifaa vikapelekwa kwingine.

"Sema wasikie," mbunge akamwambia. "Mama Régina atatafsiri."

Akarudia. Régina akatafsiri.

Halikupita juma, chifu akamtaka aondoe cherehani yake barazani. Aliibeba hadi jikoni kwake. Mashati meupe yakaanza kunuka moshi, na wateja wengine wakahamia kwa mshonaji mwingine.

Kule bungeni, Mheshimiwa Victorine aliuliza swali lile lile kikao baada ya kikao, hadi mafundi wakarudishwa. Leo mbao za daraja zimefika ng'ambo. Waenda kwa miguu na pikipiki wanapita, magari bado. Mama Nuru alivuka mara moja, akarudi, hajaenda tena.

Leo mbunge ameleta neno jipya. Anaandaa pendekezo la sheria ya jimbo: bajeti ya kila usultani, yaani eneo la chifu, isomwe hadharani, kwa lugha ya watu wa pale, kabla haijatumika. Anakiri kwamba wenzake kadhaa hawaitaki.

Chifu, aliyeketi mstari wa mbele, anajibu kwa ufupi anapoulizwa kuhusu sheria hiyo: "Ikipita, nitaiheshimu."

Régina hangoji ipite. Kibangubangu hakina neno la bajeti, kwa hiyo amekuwa akizunguka kwa wazee akiuliza waiiteje. Wamekubaliana waiite "kile kilichowekwa kwa ajili ya wote". Jioni za Jumapili anawafundisha ukalimani wanawake wawili, Malaika na Aurélie, ili vijiji vya jirani visikose wa kuwasemea.

Anataka pia kujenga kibanda cha kushonea sokoni, kwenye kiwanja cha marehemu mume wake, mahali ambapo hakuna wa kumfukuza.

"Siku wakianza kusoma bajeti, nitasimama katikati ya soko," anasema, akichukua kiti chake kurudi nyumbani. "Mwenye kuuliza aulize. Sitamukatia mutu maneno yake njiani."