Chai ya Mwaitu Ilivyojifunza Kusubiri

Nilipoolewa, shingo yangu tayari ilikuwa na kovu. Goita, ule uvimbe wa tezi ya shingoni, ilikuwa imekatwa pamoja na tezi yenyewe, na tangu hapo nikawa mtu wa kidonge kila asubuhi, kifanye kazi ambayo tezi ilikuwa ikinifanyia bure. Daktari alinipa sharti: nikimeze kwa maji matupu kabla ya kula chochote, kisha nikae kama saa moja ndipo nifungue kinywa. Nilipoishi peke yangu sikuliona kuwa gumu.

Kisha nikashika mimba, na mama mkwe akaja kutoka Machakos kuniangalia. Tulikaa mtaa wa Umoja, chumba na sebule, mume wangu akiwa karani wa kiwanda Industrial Area. Nilimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kama mwanawe alivyomwita, ingawa mimi nilitoka Murang'a na Kikamba changu kilianzia na kuishia hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: sufuria zilisuguliwa zikang'aa, nikapikiwa, nikafuliwa. Nilimpenda. Lakini alikuwa na chai yake.

Mwaitu aliamka kabla yetu, akabandika chai yenye maziwa mengi kuliko maji, na kuniletea kikombe kitandani. Siku ya kwanza nilimwambia, "Asante Mwaitu, sitaki chai saa hii, nitakunywa baadaye." Alikirudisha jikoni na hakusema neno hadi jioni. Mama mkwe akinuna katika chumba na sebule, huna pa kukimbilia. Kesho yake nikaona heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikakimeza kidonge kwa hiyo hiyo chai, tukapatana.

Wiki zikapita, na mwili wangu ukaanza kuzima. Jua la Januari lilikuwa likichoma mabati, nami nimevaa soksi na sweta. Nilisinzia nikimenya viazi. Sauti ikawa nzito, na mume wangu akinisemesha jibu lilichukua muda kufika. Niliogopa, kwa sababu hali hiyo niliijua tangu nilipokatwa tezi, na sasa sikuwa peke yangu mwilini. Mwaitu naye aliogopa, maskini. Dawa aliyoijua ni moja, kwa hiyo akaongeza maziwa.

Mwishowe alinisindikiza kwa daktari na kuingia pamoja nami hadi ndani, hakuna aliyethubutu kumzuia. Damu ilipopimwa ilionekana dawa imepungua mno mwilini.

"Unakimeza na nini?" daktari akauliza.

"Na chai," nikasema, nikiangalia sakafu.

"Ya rangi?"

"Ya maziwa," Mwaitu akadakia kwa fahari. "Nampikia mimi mwenyewe."

Daktari alimgeukia akamweleza taratibu, bila dharau. Chakula na maziwa huizuia dawa tumboni, isifike yote kwenye damu. Miezi hii ya mwanzo mtoto hajaanza kujitengenezea homoni ya tezi, anategemea ya mama. Mimba pia hutaka dawa zaidi, kwa hiyo aliniongezea kidogo, akanionya nisijipunguzie wala kujiongezea mwenyewe, na nirudi kupimwa. Vile vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki navyo visikaribiane na hiki. Nivimeze mchana, baada ya chakula.

Njia nzima Mwaitu alitembea mbele yangu. Nikajua leo ni leo. Tulipofika alivua kitambaa cha kichwa, akakaa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mwaitu."

"Uliniambia wewe hutaki chai. Hukuniambia ni mtoto hataki."

Nikacheka, naye akacheka hadi akajifuta machozi.

Asubuhi iliyofuata aliniletea maji. Akaketi kwenye ncha ya kitanda, mikono mapajani, akingoja pamoja nami. Chai ilikuwa imeiva, harufu imejaa nyumba, na mume wangu alikuwa amevaa tai, anachelewa kazini.

"Mwaitu, mimi si mgonjwa," akalalamika.

"Na mke wako anywe harufu?"

Basi tukawa nyumba ya kungoja. Kwa Mwaitu, kunywa mbele ya mtu aliyefunga kinywa ilikuwa kukosa adabu, hata kama mtu huyo ni mkaza mwana. Mwanawe alijifunza kuamka mapema. Mimi nilianza kuvua soksi, kisha sweta, na siku moja nikajisikia nikiimba nikifua nguo.

Tulipata msichana, mwenye mapafu ya mhubiri wa sokoni. Jirani wa mlango wa pili alikuja kumwona. Alinikuta na glasi ya maji na kidonge mkononi, Mwaitu akiwa amempakata mtoto kando yangu.

"Aki wewe, bado unameza hizo madawa? Si ushazaa? Hata umenona, unakaa poa kabisa. Wachana nazo sasa."

Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli maneno yake yalinivutia. Kidonge cha maisha yote ni kirefu ukikitazama kwa mbali. Kabla sijafungua mdomo, Mwaitu akamtazama jirani kuanzia kichwani hadi kwenye malapa.

"Wewe, mama, jana ulikula?"

"Nilikula."

"Ukashiba?"

"Nikashiba."

"Na leo umekula tena," Mwaitu akasema, akanisukumia glasi. "Meza, mwanangu. Mtoto anangoja."