Sauti ya Mama Mukwe

Mume wangu alikwenda Salamabila kutafuta dhahabu katika mwaka wa pili wa ndoa yetu, akaniacha Kasongo na mama yake. Mama mukwe alikuwa mwanamke wa maneno. Chumvi ikizidi, maneno, ikipungua, maneno. Miye, mutoto wa Kabambare niliyelelewa na bibi kwa Kibangubangu tu, nilikisikia Kiswahili chake, lakini nilimjibu kwa kutikisa kichwa. Alipofariki, matanga yakaisha, wageni wakarudi kwao, na nyumba ikanyamaza hata nikawasikia mchwa wakila miti ya paa.

Ndipo nikaanza kumjibu. Nikipepeta mchele nilisema kwa sauti yake, ile ya puani: "Mwali gani huyu, anapepeta kama anafukuza kuku!" Kisha kwa yangu: "Unisamehe, mama." Tukaendelea hivyo mpaka wali ukaiva. Sikuwa namchekesha mtu. Nilitaka mwenzangu wa kula naye.

Jirani yetu alikuwa akipiga video za harusi, na siku hizo alikuwa anajaribu filamu fupi za kuchekesha. Asubuhi moja aliniita kutoka ng'ambo ya uzio wa matete.

"Mama, uko unasema na nani?"

Nikaona haya. "Haiko mutu."

"Nimesikia watu wawili."

"Ni miye tu, kaka."

Hakucheka. Aliniuliza kama ningeweza kusema vile mbele ya kamera.

Nikafungwa kilemba cha kizee, nikapewa fimbo, na dada mmoja akawa mwali wangu, mke wa mwanangu. Nilimgombeza kwa sababu ya sombe, majani ya muhogo, isiyotwangwa vizuri. Akacheka mpaka akakaa chini. Mwenye kamera naye akacheka, picha ikatikisika, tukarudia mara nne. Niliporudi nyumbani nikajaribu sauti ile juu ya chungu changu. Haikuja.

Filamu ilitiwa kwenye kadi ndogo za simu, zikasafiri kwa pikipiki pamoja na sabuni na chumvi mpaka Salamabila. Mume wangu, ambaye alikuwa akipiga simu kwa nadra, akapiga.

"Nimekuona kwenye video," akasema. "Chumba kizima cha wachimbaji kilicheka."

"Na weye?"

"Ile ni sauti ya mama."

"Ndiyo."

"Sasa wachimbaji wananiita vile, kwa sauti ya puani. Njiani, hata shimoni." Halafu akasema polepole, "Miye sikufika hata kumuzika."

Mtandao ukakatika.

Kiangazi kilipokausha njia, alikuja. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa imepasuka. Siku ya tatu, tukiwa tumekaa mkekani, akaniomba, bila kunitazama: "Sema kidogo kama yeye."

Nikajaribu. "Mwanangu, umekonda hivi, wanakulisha mawe?"

Ikatoka kama kwenye filamu, si kama ya mama mwenyewe. Akacheka. Hakuweza kujizuia, niliona. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu. Sikumfuata. Baada ya wiki alipanda pikipiki, akarudi machimboni.

Nimecheza filamu nyingi tangu hapo. Nikienda Kabambare kwa ndugu zangu, watu sokoni hucheka kabla sijafungua kinywa. Mwuza karanga huniongezea kiganja kizima, huku akifuta machozi ya kicheko. Namshukuru, nanunua, kisha natafuta pikipiki ya kunirudisha Kasongo, kwenye nyumba ile iliyonyamaza.