Keke ya Mama Matope

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, hawezi kupita penye ardhi iliyochimbwa bila kuinama. Tukienda dukani, mimi nawaza sukari, yeye ameshachutama kando ya mtaro, amefinya bonge la udongo na kulisogeza puani. Mtaani wamembandika jina la Mama Matope, naye analiitikia bila kinyongo. Kazi yake ni kupima ardhi iliyochafuliwa na viwanda, aseme uchafu umeingia wapi na kwa kina gani, kisha asimamie usafishaji. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi niliona kazi hiyo ni ya kuharibu nguo tu.

Halafu ikafika zamu ya kiwanda cha misumari.

Kiwanda hicho kilifungwa zamani. Kiko nyuma ya ukuta wetu, na baba yetu ndiye aliyekuwa fundi wa mashine zake. Mafuta machafu yalimwagwa uani humo mpaka ardhi ikawa nyeusi. Sasa ikaamuliwa ijengwe shule pale, ila kwa sharti moja: udongo upimwe, uonekane safi. Binti yangu yuko darasa la kwanza, na shule yake iko ng'ambo ya barabara kuu. Kila asubuhi namvusha katikati ya malori nikiwa nimembana mkono hadi analalamika. Shule ikijengwa nyuma ya ukuta, mtoto anatoka mlangoni, anakata kona, kafika. Basi ghafla nikaipenda kazi ya wifi yangu kuliko yeye mwenyewe.

Mashine zilikuja, zikachimba udongo mweusi na kuuondoa. Nilikuwa napanda kwenye stuli kuchungulia, cherehani imesimama, wateja wananuna. Ukabaki upimaji wa mwisho. Wifi ana keke ndefu ya chuma ya kutobolea ardhi, na masharti yake si mchezo: kila shimo glavu mpya, na baada ya kila shimo keke inaoshwa kwa sabuni na kusuuzwa, uchafu wa huku usihamie kule. Tena anaanza penye usafi, anamalizia penye uchafu. Kwa hiyo shimo la kwanza alilitoboa uani kwetu, karibu na kamba ya nguo, mahali ambapo kiwanda hakijawahi kugusa, apate cha kulinganishia. Udongo ukatiwa kwenye chupa, ukapelekwa maabara.

Majibu yakarudi mabaya. Mafuta kila shimo. Mkubwa wa wifi kazini akampigia simu: Ijumaa watakaa kikao, kiwanja kitafunikwa zege, shule itatafutiwa mahali pengine. Wifi akakaa mezani ameshika tama. Mimi nilikasirika, sijui hata nilimkasirikia nani.

"Hata shimo la hapa kwetu?" nikamuuliza.

"La hapa ndilo chafu kuliko yote."

"Yaani nimekalia kisima cha mafuta na bado naazima mafuta ya taa kwa jirani?"

Hakucheka. Alikuwa ameganda, kidole juu ya majibu. "Hebu ngoja," akasema. "La kwanza limezidi. La pili limepungua. La tatu limepungua tena. Wifi, uchafu unapungua kila nikiosha keke."

Akaruka pale kitini, mimi nyuma yake, mpaka stoo. Akaifungua keke kwenye kitambaa chake. Iling'aa. Akapitisha kidole kwenye maungio, kikatoka na grisi.

Baba alikuwa mlangoni, anatabasamu. "Niliipaka mafuta siku moja kabla hujaenda kazini, mwanangu. Chuma kizuri hivyo unakiachaje kikavu? Kingeshika kutu."

Nilidhani wifi atapiga kelele. Badala yake alimshika mzee mikono yote miwili. "Baba, ni wewe? Mafuta yote haya ni wewe?" Machozi na kicheko vilimtoka pamoja. Alipomweleza, baba hakucheka. Alimtazama mjukuu wake aliyekuwa anaandika sakafuni, kisha akaenda kukaa peke yake nje.

Siku ile ile wifi akampigia mkubwa wake, akamwambia yote bila kumung'unya maneno. Wakakubaliana arudie. Keke ikafunguliwa vipande vipande, ikachemshiwa maji, ikasuguliwa mpaka uzi wa skrubu wa mwisho. Akatoboa upya. Nyumba nzima ilikuwa roho juu. Mimi nilishona suruali ya mteja mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi, na sikujali.

Alhamisi simu ikaita. Wifi akasikiliza, akasema, "Asante," akaiweka juu ya nguo niliyokuwa nashona.

"Sema basi, utaniua."

"Safi," akasema. "Mashimo yote safi."

Nilipiga ukelele mpaka majirani wakatoka. Nilimkumbatia, nikambeba hata paka.  Baba aliinuka akaenda shuleni kumvusha mjukuu barabara mchana ule, na akarudi naye polepole, amemshika mkono.

Leo wanachimba msingi. Tumesimama sote kwenye stuli, binti yangu ananiuliza darasa lake litakuwa wapi, nami namwonyesha kana kwamba nimechora mimi ramani. Keke imeegemezwa ukutani, imeoshwa. Nimeona nchani pameanza wekundu, na kwa mazoea nikachukua kichupa cha mafuta ya cherehani.

Baba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvumilia kutu hata kwenye kijiko, akanishika mkono.

"Iache," akasema. "Iache ishike kutu."